Mwenye Mbuzi Anapata Nini? Haki Rejeshi na Kesi Zisizolazimu Gereza

Mtu akiiba mbuzi watatu, akakamatwa, akashtakiwa na kufungwa mwaka mmoja, mwenye mbuzi anapata nini? Swali hili huulizwa sana katika mabaraza, na jibu la kweli ni kwamba mara nyingi hapati kitu. Mbuzi wameshauzwa au kuliwa. Yeye mwenyewe amepoteza siku na nauli akienda kutoa ushahidi Wote, Makindu, Tawa au Kilungu, na kama ni jirani yetu wa Kitui, basi Kitui mjini, Mwingi, Kyuso au Mutomo. Mwizi analishwa gerezani kwa kodi ya wananchi, akiwemo huyo huyo aliyeibiwa. Mke na watoto wa mwizi, ambao hawakuiba chochote, wanabaki bila mtu wa kulima msimu wa mvua. Mwaka ukiisha anarudi kijiji kile kile, na aliyeibiwa anakutana naye kisimani.

Kutokana na maswali ya aina hii, serikali ya kitaifa, Idara ya Mahakama na serikali za kaunti zimeanza kutilia mkazo kile kinachoitwa haki rejeshi. Maana yake ni rahisi. Badala ya kuuliza tu ni sheria gani imevunjwa na adhabu yake ni miaka mingapi, tunauliza nani ameumizwa, ameumizwa kiasi gani, na aliyemuumiza atafanya nini kurekebisha. Aliyekosa anakiri mbele ya aliyemkosea, wanakubaliana kuhusu fidia au kazi, na jamii inashuhudia na kufuatilia.

Tunaandika makala haya kwa sababu jambo hili linaeleweka vibaya pande mbili. Wapo wanaodhani ni njia ya kuwaachilia wahalifu. Wapo pia, na hao ni hatari zaidi, wanaodhani sasa kila kesi inaweza kumalizwa nyumbani kwa soda na mbuzi mmoja. Wote wamekosea.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinaziagiza mahakama kukuza njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwemo upatanisho, usuluhishi na njia za kimila. Kifungu hicho hicho kinaweka mipaka: njia za kimila zisikiuke Sheria ya Haki, zisiende kinyume na haki na maadili, wala zisipingane na Katiba. Mwezi Agosti 2020 Idara ya Mahakama ilizindua Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki, iliyotokana na kazi ya jopo lililoongozwa na Jaji Joel Ngugi. Sera hiyo inatambua kwamba Wakenya wengi humaliza migogoro yao bila kukanyaga mahakamani, mbele ya wazee, viongozi wa dini, machifu au vikundi vyao. Inataka kazi hiyo ifanywe vizuri na kwa kuheshimu haki za watu, badala ya kujifanya kwamba haipo.

Kwetu Ukambani haya si mageni. Kabla ya Waingereza kuweka kituo chao Machakos mwaka 1889, hapakuwa na jela katika nchi hii yetu. Atumia walikaa katika nzama, wakasikiliza pande zote, na aliyekosa akalipa mifugo. Deni halikuwa lake peke yake. Mbai yake ilichanga, na kwa sababu ilichanga, ilikuwa na sababu nzuri ya kuhakikisha harudii. Hadi leo koo zetu zina viongozi, daftari za wanachama na mikutano ya kila mwaka, na huchangia karo, bili za hospitali na mazishi. Ni nguvu ambayo kaunti nyingi za Kenya hazina. Afisa wa probesheni anayetafuta mtu wa kumwekea kijana dhamana ya maneno, yaani mtu atakayesema "huyu ni wetu, tutamwangalia", hapati shida kumpata Mbooni au Kitui Magharibi.

Sasa kesi inaweza kuchukua njia hii wakati gani? Kuna milango kadhaa, na kila mmoja una mwenye ufunguo wake.

Mlango wa kwanza uko kabla ya mtu kushtakiwa. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera, ya mwaka 2019, inayomruhusu kiongozi wa mashtaka kuielekeza kesi ndogo nje ya mahakama ikiwa mshukiwa anakubali kosa na yuko tayari kurekebisha madhara. Kwa watoto mlango huu ni mpana zaidi. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai, na wa kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kuwa hana uwezo huo hadi upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Kwa mtoto mkubwa zaidi ya hapo, kuelekezwa nje ya mahakama ni jambo la kufikiriwa mapema, kabla hajaingia katika mkondo wa kesi. Mvulana wa miaka 15 aliyevunja kioski na kuchukua kadi za simu na mikate, akakiri, anaweza kuomba msamaha, kulipa kupitia wazazi wake na kuwa chini ya uangalizi huku akiendelea na shule. Mwenye kioski anapata pesa zake. Kijana hapati rekodi itakayomnyima cheti cha maadili mema siku atakapotafuta kazi.

Mlango wa pili uko mahakamani. Sehemu ya 176 ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamruhusu hakimu kukuza upatanisho katika kesi ya shambulio la kawaida au kosa jingine la kibinafsi ambalo si kubwa na halijazidishwa ubaya wake, kwa masharti ya fidia au mengine ambayo mahakama itaidhinisha. Hapa ndipo zinapoangukia kesi nyingi za majirani. Ng'ombe ameingia shambani na kula pojo, maneno yakawa makali, mmoja akamsukuma mwingine. Watu hawa wataendelea kuwa majirani kwa miaka 40 ijayo. Hukumu inayompa mmoja ushindi na kumpeleka mwingine jela haitoi ng'ombe shambani, wala haisemi mpaka uko wapi.

Tugeukie tena mbuzi, maana hapa watu hukosea. Wizi wa mifugo si kosa dogo katika sheria ya Kenya. Sehemu ya 278 ya Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo cha hadi miaka 14, na mbuzi ametajwa humo pamoja na ng'ombe na ngamia. Kwa hivyo kesi ya mbuzi haiingii katika sehemu ya 176, na chifu hana mamlaka ya kuifuta. Lakini haimaanishi kwamba gereza ndilo jibu la pekee. Baada ya mtu kupatikana na hatia, hakimu anaweza kuagiza alipe fidia. Anaweza kumweka chini ya probesheni kwa muda usiopungua miezi sita na usiozidi miaka mitatu. Anaweza pia kumpa kifungo cha nje, na mlango huu ndio tunaotaka kuueleza kwa kirefu, kwa sababu ndio unaoihusu kaunti moja kwa moja.

Kifungo cha nje kinatokana na Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998. Kinatumika kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka mitatu. Kinatumika pia kwa kosa lenye adhabu kubwa zaidi, kama huo wizi wa mbuzi, ikiwa hakimu ameona kwamba miaka mitatu au chini ya hapo inatosha kwa kesi iliyo mbele yake. Kabla ya kutoa amri, hakimu huomba ripoti ya afisa anayechunguza maisha ya mkosaji nyumbani kwake. Ni lazima pia amuulize mkosaji kama anakubali. Kazi haina malipo, na muda wake hauwezi kuzidi kifungo ambacho angepewa. Asipofika kazini, anarudishwa mbele ya hakimu, na amri inaweza kufutwa akapewa adhabu nyingine.

Sheria imetaja kazi zenyewe: barabara za umma, upandaji miti, uhifadhi wa mazingira, miradi ya maji, ukarabati wa shule na hospitali za umma. Soma orodha hiyo tena ukiwa Makueni au Kitui. Ni kana kwamba iliandikwa na mtu aliyewahi kuishi hapa. Hatuna upungufu wa makorongo ya kuziba, mabwawa ya mchanga ya kukarabati, wala miche ya kumwagilia. Mababu zetu walikuwa na mwethya, kazi ya pamoja iliyochimba matuta ya vilima hivi, na mtu aliyekosa kwenda alijulikana. Mtu anayebeba mawe ya gabioni mbele ya majirani wake mchana kweupe hajaachiliwa bila adhabu. Muulizeni.

Kaunti inaingia wapi? Lazima tuwe wazi, kwa sababu barua huandikwa kwa ofisi ya gavana zikiomba mtu aachiliwe. Mahakama, polisi, mashtaka, magereza na probesheni zote ni za serikali ya kitaifa au ni taasisi huru za kikatiba. Gavana, waziri wa kaunti au msimamizi wa wadi hawezi kufuta kesi wala kumtoa mtu rumande. Akikuahidi hivyo, anakudanganya. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti zahanati na hospitali, shule za chekechea, vyuo vya ufundi, barabara za kaunti, maji na masoko. Hizi ndizo sehemu ambako mtu wa kifungo cha nje anaweza kufanya kazi. Bila mahali pa kazi na msimamizi wa kutia sahihi kila siku, hakimu hana budi kutafuta adhabu nyingine. Makueni ina wadi 30 na Kitui 40, na kila wadi ina kituo cha umma chenye kazi inayongoja mikono. Hapo ndipo msaada wa kaunti unapopimwa, kuliko katika hotuba.

Vyuo vya ufundi ni sehemu nyingine. Masharti ya probesheni kwa kijana wa miaka 20 aliyekamatwa akiiba nyaya huwa na maana zaidi akiwa na mahali pa kwenda asubuhi. Vilevile kuna Kamati za Watumiaji wa Mahakama katika vituo vya mahakama, ambako hakimu, polisi, kiongozi wa mashtaka, mawakili, probesheni, magereza na wawakilishi wa jamii huketi meza moja. Mkazi mwenye malalamiko kuhusu jinsi kesi zinavyopatanishwa katika eneo lake anaweza kuyapeleka kwa kamati hiyo kupitia ofisi ya mahakama iliyo karibu naye.

Na sasa milango iliyofungwa. Tutasema bila kuzunguka. Kesi ya mtoto aliyenajisiwa haimalizwi nyumbani. Ubakaji haumalizwi nyumbani. Kila mkazi wa eneo hili amesikia habari ya kikao cha wazee wanaume, baba wa msichana akiwa mmoja wao, pesa zikahesabiwa na msichana akaambiwa anyamaze. Mara nyingine ameolewa na aliyemharibia maisha. Hicho si kikao cha haki rejeshi hata kidogo, kwa sababu aliyeumizwa hakuulizwa, na alicholipwa baba hakikumrudishia mtoto kitu. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 haimpi mzazi, chifu wala mzee wa ukoo mamlaka ya kusimamisha mashtaka. Mzee anayeketi katika kikao hicho anaweza kujikuta mwenyewe kizimbani kwa kuficha uhalifu. Ukijua kesi kama hiyo, mpeleke mtoto hospitali kwanza, bila kumwosha na bila kufua nguo zake, kisha piga ripoti polisi na upewe nambari ya OB.

Viboko vya ukoo navyo tuvitaje, maana tunajua vipo. Baadhi ya koo zetu bado humlaza mwanachama mtukutu na kumchapa mbele ya mkutano, na picha zikasambaa kwenye simu. Wanaounga mkono husema kijana amenyooka. Kifungu cha 29 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya viboko, na Kenya iliiondoa adhabu hiyo hata mahakamani mwaka 2003. Ikiwa hakimu hawezi kuagiza mtu achapwe, mwenyekiti wa ukoo atapata wapi uwezo huo? Kumlazimisha mtu kula kiapo cha kithitu ili akiri nako hakukubaliki: hofu si ushahidi, na anayeapa kwa lazima hajakiri kitu.

Historia yetu yenyewe inatuonya. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Walikuwa wamempiga mwanamke mmoja hadi akafa kwa madai kwamba alikuwa mchawi. Kwa maoni yao walitekeleza uamuzi wa jamii, ule uliojulikana kama king'ole. Hukumu ya kifo ilibadilishwa baadaye kuwa vifungo, na mjadala kuhusu kesi hiyo ulifika hadi London. Anayesema mila ilikuwa upatanisho mtupu ameisahau nusu ya hadithi. Na nusu hiyo haijaisha: wazee wanaotuhumiwa uchawi bado wanavamiwa, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba ambalo mtu analitaka.

Na mauaji? Watu hukumbuka kesi ya 2013, ambapo Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali ombi la Mkurugenzi wa Mashtaka kuondoa shtaka la mauaji baada ya familia mbili za jamii ya Wasomali kukubaliana na fidia kulipwa kwa mifugo kufuatana na mila na dini yao. Ilizua mjadala mkubwa miongoni mwa wanasheria. Majaji wengine baadaye walikataa maombi yanayofanana na hilo. Kwa hivyo msiichukulie kama kanuni. Familia za pande mbili zikipatana baada ya kifo, upatanisho huo ni jambo jema na mahakama inaweza kuuzingatia wakati wa kutoa adhabu, lakini uamuzi wa kuendelea au kutoendelea na kesi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka, na hata yeye hawezi kuiondoa bila idhini ya mahakama. Kulipa mifugo hakufuti faili.

Swali gumu kuliko yote ni hili: je, aliyeumizwa anakubali kwa hiari? Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inampa mwathiriwa haki ya kushiriki katika haki rejeshi, na inaweka masharti mawili muhimu. Mkosaji asiwe anapinga ukweli wa msingi wa yaliyotokea, na mwathiriwa anaweza kujiondoa wakati wowote. Karatasini ni rahisi. Kijijini, mjane anayeketi mbele ya wanaume kumi na wawili wa ukoo wa marehemu mumewe, ambao ndio wanaojua mpaka wa shamba lake, huona vigumu kusema "sikubali". Kwa maoni yetu, kikao kisicho na wanawake miongoni mwa wanaoamua hakifai kuitwa kikao cha usuluhishi, na koo ambazo zimeanza kuwaweka wanawake kwenye nzama zinastahili kuigwa. Mjane huyo ana haki ya kuja na mtu wake, kuomba kikao kifanyike mahali pengine, au kukataa na kwenda mahakamani. Kukataa si utovu wa heshima.

Kuna wanaoteseka kwa upande mwingine pia. Gerezani na rumande wamo watu ambao wangekuwa nyumbani kama familia zingejua sheria. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Mama aliyekamatwa na mtungi wa kaluvu, akashindwa faini na kupelekwa jela wakati watoto wako nyumbani, angeweza kuomba hakimu aagize ripoti ya probesheni kabla ya hukumu. Ombi hilo halihitaji wakili. Unasimama, unasema unaomba kifungo cha nje, na unaeleza hali yako. Maafisa wa probesheni hufanya kazi na mahakama zote tulizozitaja hapo juu.

Kwa wale wenye mgogoro sasa hivi, mambo machache ya kushika. Piga ripoti kwanza, hata kama unataka kupatana. Upatanisho unaoanza na nambari ya OB una nguvu, usio nayo hugeuka kuwa ahadi ya mdomo. Kama kesi iko mahakamani tayari, usikubaliane nje kisha ukakosa kufika siku ya kusikizwa. Nenda, mwambie kiongozi wa mashtaka, na makubaliano yasomwe mbele ya hakimu. Waulize wazee gharama za kikao kabla hakijaanza, na kama mzee ana undugu au deni na upande mmoja, omba akae kando. Kama aliyekuibia yuko ng'ambo ya Mto Athi, mbuzi wa Kibwezi akapatikana Mutomo, sheria ni ile ile pande zote mbili na kituo chochote cha polisi kitapokea ripoti yako.

Na ukikubali kulipwa kwa awamu, makubaliano yaandikwe kwa lugha unayoisoma, tarehe na kiasi cha kila malipo vitajwe, mashahidi wa pande zote mbili watie sahihi, nakala moja ibaki kwako na nyingine iingie kwenye faili ya mahakama au ya afisa wa probesheni. Awamu moja ikipita bila malipo, usingoje ya pili. Chukua nakala yako urudi kwa afisa huyo wiki hiyo hiyo.